Shauri la Mguu Wangu

Mwaka nilioanguka katika shimo la tajiri wa duka, mume wangu hakuwapo nyumbani. Alikuwa amekwenda kwenye kazi ya reli. Reli yenyewe ilikwisha kupita Dodoma, na Wadachi walikuwa wakiisukuma kuelekea magharibi, kila mwezi mbele zaidi, na yeye akienda nayo. Nilibaki na binti yangu wa miaka mitatu na mama mkwe wangu katika nyumba yetu ya tembe upande wa Nzuguni, mwendo wa asubuhi moja kutoka bomani.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na yote makali. Hakunipenda. Alikuwa amemtakia mwanawe binti wa watu wengine, wenye ng'ombe wengi kuliko baba yangu, na katika miaka mitano niliyokaa chini ya dari yake sikumbuki kama aliwahi kuusifu hata ugali wangu. Nami nilimheshimu kama ilivyotakiwa. Sikumtazama usoni, sikula mbele yake, na akinituma sikuuliza mara mbili.

Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Mawingu yalianza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni bila tone, na kila nyumba ilikuwa inanoa majembe. Letu lilikuwa limelika mpaka limebaki kama kijiko. Asubuhi moja mama mkwe alinipa kibuyu cha samli na ngozi mbili za mbuzi.

"Nenda dukani," alisema. "Urudi na jembe na chumvi. Usirudi na hadithi."

Tajiri wa duka alikuwa mtu aliyekuja na reli. Sitasema alikuwa wa kabila gani, maana wa kabila lake wengine walinitendea wema baadaye, na sipendi wabebe mzigo wake. Duka lake lilikuwa la bati, si mbali na kwetu, na nyuma yake kulikuwa na ua mkubwa wa miti iliyopangwa, ambamo alikaushia ngozi na kupimia mali aliyonunua kwetu.

Siku ile palikuwa na watu wengi. Wenye karanga walikuwa wamejazana mbele. Mpimaji wake, mtu wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mzani, alitoka mlangoni akapaza sauti: "Wenye samli na ngozi, zungukeni nyuma! Msizibe mlango!"

Tulizunguka, wanawake sita au saba. Ngozi za ng'ombe zilikuwa zimetandazwa chini, zimekaribiana hata huoni udongo, na mzani ulikuwa upande wa pili. Hapakuwa na njia nyingine ya kuufikia. Mwanamke aliyenitangulia alipita pembeni, mimi nikapita katikati.

Chini ya zile ngozi palikuwa na shimo. Tajiri alilichimba kukusanya maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye bati, na kiangazi kilipolikausha alilifunika kwa mbao, kisha akatandaza ngozi juu ya mbao. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ardhi imeniacha. Niliona kibuyu kikipasuka mbele ya macho yangu kabla sijafika chini, na nilipofika, mguu wangu wa kulia ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi.

Wanawake wenzangu walipiga kelele. Mpimaji alishuka kwa kamba, akanifunga kifuani, wakanivuta juu. Nililazwa juu ya zile ngozi, samli imenilowesha mwili mzima, na mfupa umetokeza chini ya goti kama kipande cha muhogo uliomenywa. Ndipo tajiri akatoka. Aliinama, nikadhani anautazama mguu wangu. Alikuwa anaitazama ngozi iliyochanika.

"Nani alimruhusu kukanyaga ngozi zangu?" aliuliza.

Akaikunja ile ngozi akaiweka kando.

"Mtoeni nje ya ua."

Wakanitoa nje ya ua. Nililala pale juani, nzi wakifuata samli na damu, mpaka mama mkwe, aliyepelekewa habari na mmoja wa wale wanawake, alipofika mchana na wanaume wawili wa jirani na kitanda cha kamba cha kunibebea. Alisimama juu yangu akautazama mguu kwa muda mrefu.

"Jembe liko wapi?"

"Sikulipata, mama."

Aligeuza uso. Nilidhani ananilaani moyoni. Huenda kweli alikuwa ananilaani.

Mganga wa mifupa aliniunga siku ileile. Wanaume wawili walinishika mabega, mmoja akavuta kisigino, na yeye akaurudisha mfupa ndani kwa vidole gumba vyake viwili. Alinifunga kwa vijiti na magome, akaniambia nisikanyage chini mpaka mtama ufike magotini. Kisha ikaja homa. Siku nyingi za mwanzo sizikumbuki, ila nakumbuka mvua ya kwanza. Ilinyesha asubuhi juu ya dari yetu ya udongo, harufu ya vumbi lililolowa ikaingia ndani, na badala ya kufurahi nikaanza kulia, kwa sababu nilijua maana yake.

Kwetu mvua haimsubiri mtu. Inakuja mara moja kwa mwaka, na asiyelima wiki zile amekwisha kuamua atakula nini mwaka mzima. Kutoka kitandani nilisikia majembe ya majirani kila upande, na nilisikia letu pia. Mlio wake ulikuwa tofauti, butu, kama mtu anayepiga gogo. Mama mkwe alikuwa akilima shamba lake na langu kwa lile jembe kama kijiko. Alirudi mchana na viganja vimechubuka, akapika, akaniletea chakula, akanigeuza ubavu, akarudi shambani. Hakusema neno. Ningetukanwa ningepata mahali pa kujibu, hata kama ni moyoni tu. Kimya chake kilinimaliza.

Jambo moja aliniambia, na alilisema kwa hasira kama vile mimi ndiye niliyemkosea. Siku ya pili baada ya kuanguka kwangu alikuwa amekwenda dukani. Alikuta mbao mpya juu ya shimo, na zile za zamani zimetupwa kwenye kuni. Akachukua kipande kimoja, kisha akamfuata tajiri.

"Nilimwuliza atamfanyia nini mke wa mwanangu. Akaniambia, 'Mama, duka ni langu, na yeye alikuja kwa haja yake. Nyumbani kwenu mgeni akijikwaa, mnamlipa?' Nikamwambia, ndiyo. Kwetu tunalipa."

"Akasemaje?"

"Akacheka."

Alikitia kile kipande cha ubao juu, kati ya miti ya dari, wala hakukitaja tena.

Mwezi wa pili tangu kuanguka kwangu chakula kikaanza kutuishia, na ng'ombe wetu wachache walikuwa wamekauka maziwa. Vilindo vyetu, yale mapipa ya magome tunamohifadhia nafaka, vilikuwa vitatu, na viwili nilivisikia vikilia vitupu alipovigonga. Tulikula mara moja kwa siku, kisha tukala mlenda bila ugali, kisha siku nyingine ubuyu uliolowekwa. Binti yangu akaacha kucheza. Alilala mchana, kama watoto wenye njaa wanavyolala, mdomo wazi, na mimi nikimpungia nzi na kuhesabu pumzi zake. Mume wangu hakuwa na habari. Tulituma salamu kwa kila aliyekwenda magharibi, na hakuna salamu iliyorudi.

Katika hali hiyo ndipo karani wa tajiri alipokuja. Alikuja asubuhi, mama mkwe yuko shambani, na punda amebeba gunia la mtama. Alilishusha mlangoni, akachuchumaa karibu na kitanda changu, akatoa karatasi.

"Tajiri amesikia mna shida," alisema. "Amekuletea hili. Tia alama yako hapa."

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha sokoni tu. Cha kununua chumvi na kukataa bei.

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema umepokea gunia."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nitakuwa mkweli: niliona kwamba hakunitazama. Nilijua, kama mtu anavyojua nyoka yuko kwenye majani kabla hajamwona, kwamba ile karatasi ilikuwa inasema zaidi ya gunia. Lakini mtama ulikuwa pale mlangoni. Punje chache zilikuwa zimemwagika kwenye mshono, na binti yangu alikuwa ameamka, ameshuka kitandani, anaziokota moja moja na kuzitia mdomoni zikiwa mbichi. Nilichukua kalamu yake ya wino nikakata mistari miwili.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni.

"Hili limetoka wapi?"

"Tajiri ameleta. Ametuhurumia."

"Wewe umetoa nini?"

"Sikutoa kitu, mama."

Alikaa chini karibu na gunia kwa muda mrefu, mkono wake juu yake, kama anayepima joto la mgonjwa. Kisha akalifungua, akaanza kupepeta. Jioni ile tulikula ugali.

Laiti ningalisema siku ile. Sikusema, kwa sababu sikujua kwamba yeye alikwisha kwenda kwa jumbe, yule mkubwa wa kijiji aliyewekwa na Wadachi kukusanya kodi. Jumbe alimwogopa tajiri, akamtuma kwa akida, aliyekuwa juu ya majumbe wote wa upande wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu safi. Na akida, sijui kama ni kwa uungwana au kwa kutaka kumwondoa mlangoni, alimwambia: "Mama, mtu akiumia katika ua wa mtu, na mwenye ua ndiye aliyemwita, ana haki ya kusikilizwa. Tafuta shahidi. Siku ya baraza mlete majeruhi bomani." Mama mkwe aliniambia haya yote usiku mmoja kabla ya safari, akikaza magome ya mguu wangu.

"Kesho tunakwenda," alisema. "Nimeazima punda."

Nikaikumbuka ile karatasi.

Njiani nilijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza tulipovuka korongo, mara ya pili tulipopumzika. Kila mara niliiona ile mikono yake iliyochubuka ikishika kamba ya punda, nikaacha. Mara ya tatu, reli ikiwa inaonekana, nilisema, "Mama." Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akinitazama bila ukali. "Usiogope," aliniambia. "Utasema ulivyoanguka, basi. Mengine niachie mimi."

Baraza lilikuwa ukumbini mwa boma, chini ya nguzo nyeupe. Bwana shauri, Mdachi aliyekuwa akiamua kesi za wenyeji, alikaa nyuma ya meza, mtu bado kijana, shingo nyekundu kwa jua. Kando yake alikuwa mkalimani aliyejua Kigogo, lugha yetu, na kwenye benchi walikaa wazee wanne wa kwetu waliokuwa wakiulizwa desturi inasemaje. Watu wenye mashauri yao walijaa uwanjani. Mimi nililazwa kwenye mkeka mbele ya meza, mguu umenyooka mbele yangu, kila mtu anauona.

Nilieleza nilivyoanguka. Tajiri akaulizwa.

"Ua ule ni wa kukaushia ngozi," alisema. "Si wa wateja. Aliingia mwenyewe. Labda alitaka ngozi."

Watu walinong'ona. Kuitwa mwizi mbele ya wazee wale, na mguu wangu umelala pale kama kuni! Nilitamani shimo lile lingenizika.

Mama mkwe akasema, "Shahidi yuko."

Mpimaji akatoka katikati ya watu. Alikuwa bado ameajiriwa na tajiri siku ile. Jasho lilikuwa likimtoka na alitazama miguu yake mwenyewe alipokuwa akisema.

"Mimi ndiye niliyewaita wapite nyuma," alisema. "Mlango ulikuwa umeziba. Tajiri mwenyewe aliniagiza. Kila siku ya karanga huwa tunafanya hivyo."

"Shimo ulilijua?" bwana shauri aliuliza.

"Nililijua."

"Mbona hukuwaonya?"

Alijifuta jasho. "Nilisahau, bwana. Nimezoea kulizunguka."

Hapo mama mkwe akafungua nguo yake akatoa kile kipande cha ubao, akakiweka mezani. Bwana shauri alikibonyeza kwa kidole na kidole kikazama. Mchwa walikuwa wameula ubao mpaka umebaki ganda.

"Mchwa ni kazi ya Mungu," alisema tajiri. "Nani anaweza kuwazuia mchwa?"

"Mchwa aliwaleta Mungu," mama mkwe alijibu. "Ngozi za kufunika nani aliziweka?"

Kicheko kikapita uwanjani, hata mzee mmoja kwenye benchi akatikisa kichwa kwa furaha. Kwa muda mfupi, mfupi sana, niliamini tumeshinda. Nikamwona tajiri akimpa ishara karani wake, na karani akaja mbele na karatasi mkononi.

Ilisomwa kwa Kiswahili, kisha mkalimani akaisema kwa Kigogo ili kila mtu asikie. Ilisema kwamba mimi, mke wa fulani, nimepokea gunia la mtama kuwa ni malipo kamili ya mguu wangu. Kwamba sina dai tena, leo wala kesho, juu ya tajiri wala duka wala ua wake. Kwamba nimekubali kwa hiari, na hii ndiyo alama yangu.

"Alama hii ni yako?" bwana shauri aliniuliza.

Sikumtazama yeye. Nilimtazama mama mkwe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, machoni kabisa. Uso wake haukubadilika, ila mdomo ulifunguka kidogo, kama wa mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Ningeweza kukana. Nani angejua mistari miwili ni ya nani? Lakini nilikuwa nimekwisha kumdanganya mara moja, na sikuweza kumdanganya mara ya pili akiwa amesimama pale na viganja vile.

"Ni yangu," nilisema. "Mtoto alikuwa na njaa. Nilidhani ni ya gunia tu."

Tajiri alikunja mikono. Bwana shauri aliiweka karatasi chini, akasema maneno kwa mkalimani, na hata kabla hayajatafsiriwa nilielewa kwa sauti yake kwamba alikuwa anafunga shauri.

"Bwana!" Mama mkwe alipiga hatua mbele mpaka askari akanyoosha mkono kumzuia. "Waulize wazee neno moja. Mke aliyeolewa kwa ng'ombe, mume wake yuko safarini, anaweza kuuza ng'ombe wa mume wake peke yake?"

Wazee wakajibu, hawezi.

"Anaweza kuuza shamba?"

Hawezi.

"Basi mguu huu si wake kuuuza. Sisi tulitoa ng'ombe kwa baba yake. Mikono hii, miguu hii, ni ya nyumba ya mwanangu. Yeye ni mtoto mbele ya mambo haya. Alama yake juu ya karatasi ni kama ya kuku aliyepita juu yake. Tajiri angetaka kuzungumza, angezungumza nasi wenye mguu!"

Wazee waliinamiana wakashauriana. Yule aliyetikisa kichwa akasimama akasema kwamba ndivyo ilivyo: damu ya mke ni neno la ukoo wa mume, wala halimalizwi na mwanamke kitandani. Bwana shauri aliuliza maswali mawili matatu, akaandika kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu. Karatasi haina nguvu. Tajiri, kwa kuwa aliwaita watu kwenye ua wake na akaficha hatari, atatoa ng'ombe jike mwenye ndama na mtamba mmoja ambaye bado hajazaa. Na shimo lizungushiwe uzio. Mali itolewe kwa nyumba ya mume, ipokelewe na ukoo mpaka arudi.

Watu walishangilia. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilibaki kwenye mkeka, na nilisikia sauti yangu ikiuliza, kwa Kigogo, "Na mimi je?"

Mkalimani alinisikia. Nilimwona amenisikia. Lakini shauri lingine lilikuwa limekwisha kuitwa, na hakutafsiri.

Wakati wa kurudi mama mkwe aliongoza punda mpaka tulipokaribia nyumbani, kisha akageuka.

"Uliniambia hukutoa kitu."

"Niliogopa, mama."

"Mtoto alikula?"

"Alikula."

"Basi."

Mpimaji alifukuzwa kazi siku ileile. Nilisikia alikwenda Kondoa, na sikupata kumshukuru.

Ng'ombe walikuja. Maziwa ya yule jike yaliturudishia mtoto, hilo siwezi kulikana. Mguu ukaunga, lakini ukaunga mfupi na umepinda, goti likakakamaa, na mtama ulipofika magotini nikajaribu kulima nikaanguka kifudifudi kwenye mtaro. Nilijaribu tena nikiwa nimepiga goti la kushoto, kisha nimekaa, nikijivuta kwa matako kama mtoto. Kwa siku nzima nililima mahali pa kutandika ngozi moja. Mama mkwe alikuja akaninyang'anya jembe.

Mume wangu alirudi baada ya mavuno, amekonda, ana koti la kizungu lisilo na vifungo. Alifurahi kumwona binti yake. Alinifungua mguu akautazama, akaupitisha mkono taratibu mahali pale palipopinda, akanipa pole kwa sauti ya kweli. Kisha akaenda kuwatazama ng'ombe, na huko alikaa zaidi.

Mwezi mmoja baadaye aliniita nje.

"Mama amezeeka," alisema. "Hawezi kulima mashamba mawili tena. Na wewe unajua hali yako."

"Najua."

"Kuna binti, upande wa Nkuhungu. Ana nguvu. Atakusaidia."

"Utamwoa kwa ng'ombe gani?"

Alitazama zizini. Ng'ombe wa nyumba ile tuliwajua wote kwa rangi, na waliokuwa wamezidi ni wale watatu: jike, ndama wake na mtamba.

Nilimfuata mama mkwe kwenye jiwe lake la kusagia. Sikumwamkia, sikuinamisha kichwa. "Mama, wewe ndiye uliyesema mguu si wangu!" Nilikuwa napiga kelele, nadhani majirani walisikia. "Uliwaambia wazee ni wa nyumba ya mwanao. Sasa mwanao ameuchukua, anaoa nao mke!"

Aliendelea kusaga.

"Ningesema ni wako," alisema hatimaye, "ile karatasi ingekula kila kitu. Ningesema nini? Niambie wewe, ningesema nini kingine, nami niliseme." Aliacha kusaga. Machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyaacha yatiririke bila kuyafuta, kama jasho. "Nilitafuta neno watakalolisikia. Hilo ndilo walilolisikia."

Nilifikiri kurudi kwa baba yangu. Nilifikiri usiku na mchana. Lakini baba angelazimika kurudisha mahari, na ni nani angemtoa tena binti mwenye mguu kama wangu? Binti yangu angebaki kwa baba yake. Kuna siku nilikwenda mpaka kwenye korongo na gongo langu, nikakaa ukingoni nikitazama mchanga, na mawazo niliyokuwa nayo pale siyaandiki. Nilirudi kwa sababu maziwa yalikuwa yamejaa kifuani. Majuma mawili kabla nilikuwa nimezaa mtoto mfu, asiyetimiza miezi, wa mimba niliyoipata mume wangu aliporudi, na mwili wangu ulikuwa haujaelewa.

Unga wa harusi niliusaga mimi, nimekaa, mguu umenyooka pembeni mwa jiwe. Mke mwenzangu alikuwa msichana mnene wa mikono, mwenye aibu. Siku yake ya kwanza alipiga goti mbele yangu akasema, "Mbukwa, dada," na mimi sikuitikia. Nilimnyima salamu miezi mingi. Alilima shamba langu kabla ya lake, bila kuambiwa, na mavuno yake akayatia kwenye kilindo changu. Siku nilipomwitikia aliangusha kuni zote alizobeba.

Miaka miwili baadaye wamisionari walianzisha darasa chini ya kibanda cha nyasi, wakasema hata wanawake waje. Mume wangu alikataa. Alisema mwanamke asiyelima hana haki ya kushinda akikaa mahali pengine. Mama mkwe alikuwa anakula. Aliweka bakuli chini.

"Atakwenda," alisema. "Mtoto nitakaa naye mimi."

"Mama, akasome ili iweje?"

"Atakwenda," alirudia, akaendelea kula.

Nilitoka nyumbani jua likichomoza na kufika limepanda juu. Wenzangu walikuwa wamekaa chini, miguu imekunjwa, wamebanana safu kwa safu, na mimi nikabaki mlangoni nimeegemea gongo kwa sababu mguu wangu ulihitaji nafasi ya watu wawili. Mwalimu aliacha kuandika ubaoni. Akauliza kwa nini sikai.

"Mguu wangu haukunjiki," nilimwambia.

Aliwaambia watu wasogee. Nikakaa.